Sabuni ya Maji Haitoi Povu, au Povu Linanywea Mapema: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Kemikali

Lawama ambayo mtengenezaji wa sabuni ya maji huisikia kuliko nyingine zote ni hii: "Dada, sabuni yako haina povu." Povu peke yake si kipimo cha uwezo wa sabuni kuondoa uchafu, lakini ndilo mteja analoliona, na kwa hiyo lawama yake inastahili jibu. Kosa kubwa hufanyika baada ya lawama hiyo. Mtengenezaji huongeza salfoniki (asidi ambayo ikitulizwa huwa kiungo kikuu cha kusafisha), kisha slesi (SLES, kiungo kingine cha kusafisha na kutoa povu), kisha chumvi, na mwishowe hawezi tena kujua ni kitu gani kilichokuwa na hitilafu tangu mwanzo. Ninachopendekeza hapa ni kulitazama povu lenyewe kwanza, kujua limekufa kwa namna gani, na kuziacha ndoo za kemikali zikiwa zimefunikwa mpaka jibu lipatikane.

Kinacholishikilia povu, na kinacholiua

Povu ni hewa iliyogawanyika katika viputo vingi na kuzungukwa na kimiminika kidogo. Maji matupu hayawezi kulishikilia. Uso wa maji hujikaza kama ngozi ya ngoma, na nguvu hiyo ya kujikaza, ambayo wanafizikia huiita mvutano wa uso, ni takriban milinyutoni 72 kwa kila mita katika joto la kawaida la chumbani. Sabuni huishusha hadi kati ya 25 na 35. Wengi huishia hapo na kudhani kwamba kushusha mvutano ndiko kunakoleta povu. Sivyo. Spiriti ina mvutano wa takriban 22, mdogo kuliko wa maji ya sabuni, na bado ukiitikisa ndani ya chupa viputo vyake hupotea papo hapo.

Siri imo katika utando unaotenganisha kiputo na kiputo. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, na molekuli hizo hujipanga juu ya nyuso zote mbili za utando. Utando unapovutwa ukawa mwembamba mahali fulani, sabuni ya mahali hapo hutawanyika, mvutano hupanda, na sehemu hiyo iliyodhoofika huvuta sabuni pamoja na maji kutoka pembeni hadi ijazike tena. Utando, kwa maneno mengine, hujitibu. Tabia hii imepewa jina la Mwitaliano Carlo Marangoni, ambaye aliichunguza katika miaka ya 1860, na karibu kila tatizo litakaloelezwa hapa chini ni tatizo la utando ulionyimwa nafasi ya kujitibu.

Povu lililokwisha kuzaliwa hufa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuchuruzika: uzito wa maji huyavuta chini, nayo hupita katika mifereji myembamba inayopatikana pale tando zinapokutana. Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji ambaye aliendelea na utafiti wake hata baada ya kupofuka, alieleza mwaka 1873 kwamba katika povu kavu tando hukutana tatu tatu kwa pembe za nyuzi 120, na mifereji hukutana minne minne kwa pembe za karibu nyuzi 109.5. Ukitazama ukuta wa chupa iliyotikiswa utaiona mifereji hiyo kwa macho, na ndiyo njia ambayo povu lako linakaukia. Ya pili ni viputo vikubwa kumeza vidogo. Hewa iliyo ndani ya kiputo kidogo husukumwa kwa shinikizo kubwa zaidi. Kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita 0.1 hubeba shinikizo la ziada mara kumi ya kile cha milimita 1, na kwa hiyo hewa hupenya utando taratibu kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Ya tatu ni kupasuka: utando hutobolewa na tone la mafuta, na chembe isiyolowana na maji, au hukauka kwa upepo na joto.

Kabla ya hizo tatu kuna hali moja zaidi, nayo ni povu kutozaliwa kabisa kwa sababu sabuni haikufika kwenye uso wa maji ikiwa hai.

Jaribio la chupa, ambalo lisirukwe

Chukua chupa tatu za plastiki angavu za nusu lita, ambazo hazijawahi kutiwa mafuta, na uzisuuze vizuri. Katika ya kwanza tia mililita 100 za maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua kunyesha kwa muda na paa kuoshwa. Katika ya pili na ya tatu tia kiasi hicho hicho cha maji unayotumia kila siku. Ongeza matone matano ya sabuni katika kila moja, na katika ya tatu dondosha pia tone moja la mafuta ya kupikia. Funga, tikisa kila chupa mara 20 kwa nguvu ile ile, kisha pima kwa rula urefu wa povu mara moja, na tena baada ya dakika 5. Andika namba zote mbili, kwa maana namba ya kwanza inahusu kuzaliwa kwa povu na ya pili inahusu maisha yake, na wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaotibu ugonjwa usiokuwepo.

Ikiwa povu la maji ya mvua ni refu na la maji ya kisima ni fupi, sabuni yako ni nzima na maji ndiyo mgonjwa. Ikiwa yote mawili ni mafupi tangu mwanzo, tatizo limo ndani ya sabuni. Ikiwa yote huanza marefu na kubakia viputo vichache vikubwa baada ya dakika 5, sabuni ina nguvu ya kuzaa povu lakini haina kinacholitunza. Ikiwa ni chupa ya tatu pekee iliyoanguka, soma sehemu inayohusu mafuta.

Dalili: povu halizaliwi, na maji yanakuwa meupe yenye vigandeganda

Hii ni dalili ya maji magumu, yaani maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Sabuni ya mche au ya kipande, ambayo hutokana na mafuta na kostiki soda, huathirika zaidi ya zote, kwa sababu kalsiamu huzishika molekuli zake mbili mbili na kuzigeuza kuwa vigandeganda visivyoyeyuka. Vile vyeupe vinavyoshika kando ya beseni na kufanya taulo kuwa gumu ni sabuni uliyoinunua kwa fedha yako, ikiwa imekufa kabla ya kufanya kazi. Povu hutokea pale tu kalsiamu yote inapokwisha kushibishwa, na ndiyo maana mtu wa maeneo ya maji magumu husugua kipande kwa muda mrefu bila kuona kitu, halafu povu likatokea ghafla.

Sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa salfoniki huvumilia zaidi, ingawa nayo hudhoofika ugumu ukizidi. Ile iliyotengenezwa kwa slesi huvumilia vizuri sana. Kwa hiyo mtengenezaji wa Unguja au Mombasa, ambako visima vingi huchimbwa katika miamba ya matumbawe yenye chokaa, hapaswi kunakili vipimo vya mtu anayetumia maji laini ya mvua. Mwenye maji laini anaweza kutegemea salfoniki kwa sehemu kubwa. Mwenye maji ya matumbawe anahitaji slesi zaidi, au aongeze kiasi kidogo cha kemikali ya kufunga madini inayoitwa EDTA.

Kuna njia ya bei nafuu kuliko zote mbili, nayo ni kuyalainisha maji kabla ya kuyatumia. Ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi kwamba sehemu ya ugumu wa maji hayo huondoka kwa kuchemshwa: madini yamejitenga na kuganda kwenye kuta za birika badala ya kubaki ndani ya maji. Kuchemsha pipa zima, hata hivyo, kunakula mkaa mwingi, na hapo magadi soda (soda ash, si ile ya kuumulia maandazi) hufanya kazi hiyo hiyo bila moto. Kwa maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, ambayo ni magumu sana, gramu 6 hivi za magadi soda safi ya kiwandani zinatosha ndoo ya lita 20. Koroga, acha maji yatulie mpaka unga mweupe ukae chini, kisha chota ya juu. Maji hayo ni ya kufulia na kutengenezea sabuni peke yake. Yasinywewe, hasa kama magadi ni yale mabichi ya ziwani, ambayo huwa na floridi nyingi.

Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari ni kesi tofauti. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu chumvi na sehemu kubwa ya magnesiamu yake hubaki palepale. Maji ya namna hiyo yaachwe kwa kazi nyingine, na sabuni itengenezwe kwa maji ya mvua.

Dalili: povu zuri mwanzoni, lakini linaanguka mara vyombo vinapoingia

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mtengenezaji alielewe kikamilifu, kwa kuwa ndilo linaloleta lawama nyingi zisizo za haki. Tone la mafuta likiingia kwenye utando mwembamba, hugusa nyuso zote mbili kwa wakati mmoja na kuwa kama daraja. Maji hayapendi kukaa juu ya mafuta, kwa hiyo hujiondoa kandokando ya daraja hilo, na utando hupasuka kutoka katikati. Tone moja halifi katika tendo hilo. Huhamia utando unaofuata na kurudia kazi ile ile. Ndiyo sababu kiasi kidogo mno cha mafuta huweza kuangusha povu la beseni zima, na ndiyo sababu viwandani dawa za kuzuia povu hutengenezwa kwa mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na chembechembe za silika zisizolowana na maji: mafuta huingia, na ncha za chembe hutoboa.

Mafuta ya sufuria ya pilau hufanya kazi hiyo hiyo bure. Wakati huo huo sabuni huhama kutoka kwenye tando kwenda kuyazunguka matone ya mafuta, jambo ambalo ndilo tulilolinunulia, na kwa hiyo povu kushuka wakati wa kuosha ni dalili kwamba sabuni inatumika. Mteja aelezwe hivyo kwa upole. Aelezwe pia kwamba mafuta yafutwe kwa karatasi kabla ya chombo kuingia majini, kwamba glasi zitangulie na masufuria yaje mwisho, na kwamba maji yabadilishwe povu likishakwisha, kwani kuanzia hapo uwezo wa maji yale kubeba mafuta mengine umekuwa mdogo.

Ikiwa povu linaanguka haraka kupita kiasi hata kwa mafuta kidogo, kuna upungufu wa kuongezewa. Betaini inayotokana na mafuta ya nazi, ikichanganywa na slesi, hujipanga kwa kubanana zaidi juu ya uso wa utando na kuufanya mgumu kwa mafuta kuingia. CDE, kiungo kingine kinachotokana na mafuta ya nazi, hufanya kazi ya jirani na hiyo. Ongeza katika lita moja ya majaribio kwanza, kisha rudia jaribio la chupa lenye tone la mafuta, kabla ya kugusa pipa.

Kisha kuna mafuta ambayo mtengenezaji huyatia mwenyewe kwa mkono wake. Manukato ni mafuta. Pipa la kwanza nililolipoteza nililipoteza kwa njia hii: sabuni ilitoka nzuri, povu lilijaa, nikaongeza manukato ya limau mara mbili ya kipimo ili ishindane na harufu za dukani, na asubuhi yake povu lilikuwa nusu na sabuni imefifia kama maji ya mchele. Tangu hapo nimekuwa nikipima povu mara mbili, kabla ya manukato na baada yake. Glisirini inaonewa bure katika habari hii, kwani yenyewe huyeyuka ndani ya maji na hupunguza kasi ya utando kukauka. Lakini mafuta ya nazi au ya mzeituni yanayoongezwa "ili kulainisha mikono" huua povu kama mafuta mengine yoyote.

Dalili: povu ni jingi lakini ni la viputo vikubwa, jepesi, na halikai

Tazama rangi. Utando mnene huonyesha rangi za upinde wa mvua kwa sababu mwanga unaorudi kutoka uso wa mbele hukutana na ule unaorudi kutoka uso wa nyuma. Kadiri maji yanavyochuruzika rangi hufifia, na utando unapokuwa mwembamba chini ya nanomita 30 hivi huonekana mweusi. Ikiwa viputo vya juu vya chupa yako vinakuwa vyeusi na kupasuka ndani ya dakika moja, maji yanachuruzika haraka mno. Salfoniki ikiwa peke yake hutoa povu la namna hii: linazaliwa kwa wingi na kwa haraka, lakini halina uvumilivu. Slesi, CDE au betaini ndiyo dawa, si kuongeza salfoniki. Molekuli za sabuni zikishazidi kiwango fulani ndani ya maji hazina tena nafasi kwenye uso, nazo hujikusanya katika vifundo vidogo majini; kuanzia hapo kila kilo unayoongeza huongeza gharama kuliko inavyoongeza povu.

Angalia pia joto na upepo. Maji ya moto sana huwa mepesi, huchuruzika haraka, na huvukizwa kutoka juu ya utando. Anayejaribu sabuni yake nje, saa saba mchana, penye upepo, atapata jibu tofauti na aliyejaribu chini ya kivuli, na wote wawili watakuwa wamepima hali ya hewa.

Ikiwa hewa iliyomo ndani ya povu ni hewa ukaa, nayo hufa upesi, kwa sababu gesi hiyo huyeyuka katika maji kwa wingi kuliko nitrojeni na hupenya tando kwa urahisi. Povu la soda kwenye glasi huisha kwa sababu hiyo, na kwa sababu ndani yake hamna kinacholishikilia.

Dalili: sabuni ni nzito kama asali, lakini povu ni dogo, au imegeuka maji baada ya chumvi

Uzito wa sabuni hausemi lolote kuhusu wingi wa kemikali inayosafisha. Chumvi huyafanya yale makusanyiko ya molekuli yarefuke kama nyuzi na kusokotana, na sabuni huwa nzito bila kuongezeka hata chembe moja ya uwezo wa kusafisha. Unga wa CMC huzitisha hata maji matupu. Sabuni nzito kupita kiasi huchelewa kuyeyuka ndani ya beseni, na povu lake huchelewa hivyo hivyo. Mteja anayeimimina juu ya maji yaliyotulia ataona imezama chini kama uteute.

Chumvi ikizidi, nyuzi zile hulegea na uzito hushuka, na hapo wengi huongeza chumvi nyingine wakidhani haijatosha. Sabuni huzidi kuwa maji, kisha huwa na ukungu, kisha hujitenga matabaka. Chumvi haitoki tena. Njia pekee ni kuongeza mchanganyiko mpya wa sabuni isiyotiwa chumvi hadi kiwango kirudi chini ya kilele, yaani pale sabuni ilipokuwa nzito kuliko pote. Ili usifike huko, toa lita moja, ongeza chumvi iliyoyeyushwa kwa gramu chache chache huku ukiandika, na ukishaona kilele chake rudi nyuma kidogo, kisha zidisha kwa ukubwa wa pipa. Kumbuka kwamba maji ya kisima cha pwani na slesi yenyewe huingia na chumvi yake.

Dalili: mikono inawasha, au sabuni ni chachu, na povu ni hafifu

Salfoniki ni asidi kali, na kabla ya kutulizwa si sabuni. Kilo moja ya salfoniki ya asilimia 96 huhitaji takriban gramu 120 hadi 130 za kostiki soda, au gramu 160 hadi 175 za magadi soda, kutegemea usafi wa mali. Pima kwa karatasi za pH; lenga kati ya 7 na 8. Chini sana ya hapo ngozi huumia na vyombo vya bati huliwa. Juu sana mikono huteleza, hukauka na kupasuka. Vaa glavu na miwani, tia kostiki ndani ya maji na kamwe usitie maji juu ya kostiki, na watoto wasiwepo.

Anayetumia magadi soda ataona povu likiumuka pipani wakati wa kuchanganya. Hiyo ni hewa ukaa inayotoka kwenye magadi, nayo haielezi chochote kuhusu povu atakalopata mteja. Na ikiwa sabuni yako ni ile ya mafuta na kostiki, usikubali ushauri wa kuitia ndimu au siki: asidi huirudisha sabuni kuwa asidi ya mafuta, na povu hufa hapo hapo.

Dalili: viputo vimejaa ndani ya sabuni na haviondoki

Hili si tatizo la kemikali. Kiputo chenye kipenyo cha milimita 0.1, ndani ya sabuni yenye mnato mara elfu moja ya ule wa maji, hupanda sentimita 2 hivi kwa saa. Ndoo yenye kina cha sentimita 40 huhitaji saa 20. Funika, acha ilale hadi kesho, na wakati mwingine koroga polepole mwiko ukiwa umezama.

Dalili: povu lilikuwa zuri, limepungua baada ya majuma

Harufu mbaya, ukungu au mabaka huonyesha kwamba vijidudu vimeingia. Wengi hutumia fomalini, ambayo sipendi kuiona mikononi mwa mtu asiye na vifaa vya kujikinga: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka fomaldehidi, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya fomalini, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Wengine huhamia sodiamu benzoeti na kushangaa haifanyi kazi. Kihifadhi hicho hufanya kazi katika hali ya uchachu, chini ya pH 5 hivi, na sabuni yako iko kwenye 7 au 8. Muulize muuzaji kihifadhi kinachofaa pH hiyo, na utumie maji safi na vyombo vilivyokauka.

Povu lisilotakiwa

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele husafisha kwa kuziangusha nguo. Ukiitilia unga uliokusudiwa kwa nguo zinazofuliwa kwa mikono, povu hujaa, nguo huangukia juu ya mto wa hewa, pampu huvuta viputo badala ya maji, na mashine husimama. Zima, tia kijiko kimoja au viwili vya kilainisha nguo, kisha suuza. Kilainisha nguo hubeba chaji kinyume na ile ya sabuni, na viwili hivyo hushikana na kuondoka usoni mwa maji. Kwa sababu hiyo hiyo visitiwe pamoja wakati wa kufua.

Povu la mito lina historia inayomgusa kila mtengenezaji. Salfoniki za zamani zilikuwa na mikia yenye matawi ambayo bakteria walishindwa kuyavunja, na katika miaka ya 1950 mito na mitambo ya majitaka ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia katikati ya muongo huo viwanda vya nchi hizo vilihamia kwenye mikia iliyonyooka, ambayo huoza. Herufi L katika jina LABSA lililoandikwa kwenye dumu lako la salfoniki inamaanisha mkia huo ulionyooka; dumu lisilo na L hiyo liulizwe asili yake.

Povu la zimamoto linalokataa kutandaa

Povu hili hufunika petroli ili mvuke wake usikutane na hewa, huku likiupoza uso wa kimiminika kinachowaka. Likiwa majimaji na kukimbia, angalia kwanza uwiano: dawa ya kutengenezea povu ya asilimia 3 maana yake ni lita 3 kwa lita 97 za maji, na dawa ya asilimia 6 ni lita 6 kwa 94, na kichanganyio kilichoziba huharibu uwiano huo bila kuonekana. Likizaliwa vizuri kisha likatoweka juu ya moto, uliza kinachowaka ni nini. Spiriti huchanganyika na maji, hivyo huyanyonya kutoka kwenye tando na kuzibomoa, na inahitaji povu maalumu linalostahimili alkoholi, ambalo hutandika ngozi ya utelezi kati yake na spiriti. Likiwa limetandaa na bado linachanika, angalia kama kuna mtu anayelipiga kwa mpira wa maji matupu. Kwa kikaango kinachowaka usitumie povu hili la maji: kifaa kinachofaa ni kile chenye mchanganyiko wa chumvi za potasiamu, ambao hukutana na mafuta ya moto na kuyageuza, palepale juu ya kikaango, kuwa tabaka la povu la sabuni.

Dawa iliyokaa ghalani miaka mingi ipimwe kabla ya kutegemewa, na kipimo chake ni ndugu wa jaribio letu la chupa: povu hutengenezwa, hukusanywa katika chombo chenye alama, na huhesabiwa dakika zinazopita hadi robo ya maji yake ichuruzike chini. Zile zenye PFOS, kemikali iliyowekwa chini ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 kwa sababu haiozi na hujilimbikiza mwilini, zisimwagwe ardhini hata kwa mazoezi.